Namba ya sensa ichapwe nzima: 61,741,120 si "milioni 61"

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumzie namba moja tu: 61,741,120. Ndiyo idadi ya watu wa Tanzania kwa Sensa ya Watu na Makazi ya usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, iliyotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma Oktoba 31 mwaka huohuo. Mara nyingi namba hii huandikwa na kutamkwa "watu milioni 61", na wanafunzi wa shule ya msingi nao huijibu hivyo wakiulizwa. Jibu hilo si sahihi. Tunaomba gazeti lako lichape namba nzima, walau mara moja katika kila habari inayoitaja, na sababu zetu ni hizi.

Kukadiria hadi milioni iliyo karibu kuna kanuni yake: tazama tarakimu iliyo kwenye nafasi ya laki, ikiwa 5 au zaidi, ongeza milioni moja. Hapa tarakimu hiyo ni 7, kwa hiyo makadirio ni milioni 62. Anayetaka kuwa karibu zaidi aandike milioni 61.7. "Milioni 61" si makadirio, ni kukata mkia, na mkia wenyewe ni watu 741,120. Mkoa wa Mbeya kwa sensa hiyohiyo una watu 2,343,754. Maana yake ni kwamba kalamu inayoandika "milioni 61" imefuta watu wanaokaribia theluthi ya mkoa huu mzima.

Hilo ni kosa la nje. La ndani ni kwamba namba iliyokatwa haihakikiki. Namba nzima unaweza kuishika, ukaipima, ukajua kama mchapaji amekosea tarakimu. Chukua mgawanyo wa jinsia uliotangazwa: wanaume 30,053,130 na wanawake 31,687,990. Kuna jaribio la zamani la tisa, linalofanyika kwa kichwa bila karatasi. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ubakiwe na tarakimu moja. Wanaume: 3+0+0+5+3+1+3+0 ni 15, na 1+5 ni 6. Wanawake: 3+1+6+8+7+9+9+0 ni 43, na 4+3 ni 7. Jumlisha 6 na 7 upate 13, yaani 4. Sasa jumla kuu: 6+1+7+4+1+1+2+0 ni 22, yaani 4. Zimekutana. Tanzania Bara ilikuwa na watu 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Ukizipitisha njia hiyohiyo utapata tena 6 na 7, na jumla tena 4. Jaribio linafanya kazi kwa sababu 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ikigawanywa kwa 9 hubakiza 1, kwa hiyo kila tarakimu hubakiza thamani yake yenyewe popote ilipokaa.

Hapohapo kuna udhaifu, na ni udhaifu unaowagusa wachapaji hasa. Kwa kuwa nafasi ya tarakimu haihesabiki, tarakimu mbili zikibadilishana viti jaribio la tisa halioni kitu. Mtu akiandika wanawake 31,678,990 badala ya 31,687,990 amepoteza watu 9,000, lakini jumla ya tarakimu bado ni 43. Vilevile sifuri ikidondoka mwishoni na namba ikawa 6,174,112, jumla ya tarakimu bado ni 22. Kubadilisha viti vya tarakimu mbili zilizopakana ni kosa la kawaida kabisa la kidole kwenye kibodi, na tofauti inayotokea siku zote ni kigawe cha 9. Ndiyo maana halishikwi.

Dawa yake ni jaribio la kumi na moja. Anzia kulia, tarakimu ya kwanza jumlisha, ya pili toa, ya tatu jumlisha, ya nne toa, hadi mwisho. Ukipata hasi, ongeza 11 mpaka iwe chanya. Jumla kuu inatoa 0−2+1−1+4−7+1−6, yaani −10, ambayo ni 1. Wanaume wanatoa −3, ambayo ni 8. Wanawake wanatoa −7, ambayo ni 4. Nane na nne ni 12, ukitoa 11 unabaki na 1. Sawasawa. Sasa weka ile namba iliyokosewa, 31,678,990: inatoa −9, yaani 2, na 8 na 2 ni 10, si 1. Kosa limekamatwa. Hata ile sifuri iliyodondoka inakamatwa, kwa sababu 6,174,112 inatoa 10 badala ya 1. Kinacholiponyoka jaribio hili ni tarakimu mbili zilizobadilishana zikiwa zimeachiana nafasi moja katikati, kwa kuwa zote zina alama moja, ama ya kujumlisha ama ya kutoa. Anayetaka usalama zaidi afanye yote mawili, ingawa kosa hilo la mwisho huyaponyoka yote. Hayamalizi dakika mbili, na dawati la habari halihitaji mashine kwa kazi hiyo.

Sasa tuifungue namba yenyewe.

Kutafuta vigawo tasa vya namba yenye tarakimu 8 kunawatisha wanafunzi wengi, na kosa linaanzia mwanzoni kabisa: wanachukua namba nzima na kuanza kuijaribu kwa 3, 7, 11, 13, bila kwanza kuipunguza. Kipeuo cha pili cha 61,741,120 ni kati ya 7,857 na 7,858. Anayejaribu namba tasa zote hadi hapo bila kuipunguza namba ana karibu majaribio elfu moja mbele yake. Anayeipunguza kila anapopata kigawo hatafika hata 20.

Anza na mkia. Sifuri ya mwisho inasema namba inagawanyika kwa 2 na kwa 5. Ukitaka kujua 2 zimo ngapi, huna haja ya kugawanya namba nzima. Tarakimu mbili za mwisho zinaamua 4, tatu za mwisho zinaamua 8, nne zinaamua 16, na hivyo hivyo. Mkia 120 ni 8 × 15. Mkia 1,120 ni 16 × 70. Mkia 41,120 ni 32 × 1,285. Mkia 741,120 ni 64 × 11,580. Lakini mkia 1,741,120 ukigawanywa kwa 128 unatoa 13,602 na nusu, kwa hiyo tunakomea 64, ambayo ni 2 zilizozidishwa mara sita. (Tazameni jinsi ule mkia wa 741,120 uliokatwa na magazeti ulivyo na kazi.) Upande wa 5, ondoa sifuri ya mwisho: 6,174,112 inaishia na 2, hivyo 5 ni moja tu. Gawanya 61,741,120 kwa 64 × 5, yaani 320. Unabaki na 192,941.

Kwa 3 hakuna, maana 1+9+2+9+4+1 ni 26. Kwa 7, 11 na 13 kuna jaribio moja linalozimaliza zote tatu kwa pigo moja, kwa sababu 7 × 11 × 13 ni 1,001. Gawa namba katika mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha jumlisha na kutoa kwa zamu. Kwa 192,941 ni 941 − 192, yaani 749. Nayo 749 ni 7 × 107. Kwa 11 inabaki 1, kwa 13 inabaki 8. Basi 7 imo, 11 na 13 hazimo. Ungeweza kulifanya jaribio hili tangu mwanzo kwenye namba nzima: 120 − 741 + 61 ni −560, na 560 ni 7 × 80. Wanafunzi hukosea hapa kwa kukata mafungu kuanzia kushoto, wakapata 617, 411 na 20, kisha wakashangaa jibu limeenda wapi. Koma zinazochapwa kwenye namba ndizo mafungu yenyewe. Gazeti likiandika namba nzima na koma zake, nusu ya kazi limeshaifanya.

Gawanya 192,941 kwa 7: 27,563. Jaribu 7 tena: 563 − 27 ni 536, inabaki 4. Haimo mara ya pili.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. 27,563 si shufwa, haiishii na 5, haigawanyiki kwa 3, 7, 11 wala 13. Mwanafunzi akijaribu 17 anabaki na 6. Akijaribu 19 anabaki na 13. Akijaribu 23 anabaki na 9. Kalamu inachoka, anaandika "namba tasa", anafunga daftari. Kumbe kanuni ya kusimama si uchovu, ni kipeuo cha pili: 166 × 166 ni 27,556, kwa hiyo huna ruhusa ya kuiita tasa mpaka umejaribu namba tasa zote hadi 163. Endelea: 29 inabakiza 13, 31 inabakiza 4, 37 inabakiza 35, 41 inabakiza 11, na 43 haibakizi kitu. 27,563 ni 43 × 641.

Neno kidogo kuhusu kikokotoo. Kile cha bei rahisi cha tarakimu 8 kinaibeba 61,741,120 ikijaa kioo chote, lakini hakionyeshi baki. Ukigawanya 27,563 kwa 41 kinaandika 672.26829. Wapo wanaochukua 0.26829 na kuizidisha kwa 41, wanapata 10.99989, halafu wanabishana kama baki ni 10 au 11. Njia salama ni kuchukua 672 peke yake, kuizidisha kwa 41 upate 27,552, na kuitoa kwenye 27,563. Baki ni 11, bila ubishi.

Iliyobaki ni 641. Kipeuo chake cha pili ni 25 na kitu, kwa hiyo inatosha kujaribu 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na 23. Zote zinabakiza. 641 ni tasa, na kazi imekwisha:

61,741,120 = 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641

Kutoka mstari huo mmoja unapata mengine bila jasho. Ukitaka idadi ya vigawo vyote, ongeza 1 kwenye kila kipeo kisha zidisha: 7 × 2 × 2 × 2 × 2 ni 112. Yaani zipo njia 112 za kuwapanga Watanzania wa usiku ule katika makundi yaliyo sawa bila mtu kubaki. Makundi 43 ya watu 1,435,840, kwa mfano, au makundi 641 ya watu 96,320. Jumla ya vigawo vyote 112, namba yenyewe ikiwemo, ni 127 × 6 × 8 × 44 × 642, sawa na 172,199,808. Lakini mikoa yetu ni 31, na 31 haimo katika ule mstari. Ukijaribu kugawa sawa kwa mikoa, kila mmoja unapata watu 1,991,649 na anabaki mtu mmoja hana mkoa. Huyo mmoja hutamwona kamwe kwenye "milioni 61".

Msomaji mwenye jicho atakuwa ameshaona tarakimu nne za mwanzo: 6, 1, 7, 4. Namba 6174 inajulikana duniani kwa jina la D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule nchini India, aliyeieleza sifa yake mwaka 1949. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne ambazo si zote sawa. Zipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha kutoka ndogo kwenda kubwa, toa. Rudia kwa jibu ulilopata. Ndani ya hatua zisizozidi saba utafika 6174, na ukifika hutoki, kwa sababu 7641 − 1467 ni 6174 yenyewe. Tuchukue mwaka wa sensa, 2022: 2220 − 0222 ni 1998, 9981 − 1899 ni 8082, 8820 − 0288 ni 8532, 8532 − 2358 ni 6174. Hatua nne. Linaloharibu zoezi hili darasani ni sifuri ya mbele. Ukianza na 2111, utapata 2111 − 1112 ambayo ni 999. Anayeiandika 999 na kuendelea na tarakimu tatu ataishia sifuri, aseme Kaprekar mwongo. Inatakiwa iandikwe 0999, ipangwe 9990 − 0999 upate 8991, ndipo njia inafunguka: 8082, 8532, 6174.

Hiyo 6174 ikifunguliwa ni 2 × 3 × 3 × 7 × 7 × 7. Saba zimo tatu. Na namba ya sensa ni 6174 × 10,000 na juu yake 1,120. Nayo 1,120 ni 7 × 160. Basi ile 7 tuliyoipata kwa mafungu ya tatu tatu ingeweza kuonekana kwa njia hii pia: sehemu zote mbili zinagawanyika kwa 7, jumla yake lazima igawanyike.

Ile 641 nayo ina historia yake. Pierre de Fermat wa Ufaransa, karne ya 17, aliamini kwamba ukichukua 2, ukaizidisha yenyewe kwa vipeo 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kurudufu, kisha ukaongeza 1, utapata namba tasa kila mara. Zinaanza vizuri: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tasa. Inayofuata ni 4,294,967,297, na hapo hakuna aliyekuwa na jibu mpaka mwanahisabati Leonhard Euler alipoonyesha mwaka 1732 kwamba ni 641 × 6,700,417. Usijaribu kuihakiki kwa kikokotoo cha tarakimu 8, kitaandika kosa. Fanya kwa mkono. 6,700,417 × 600 ni 4,020,250,200. × 40 ni 268,016,680. × 1 ni yenyewe. Jumlisha.

Lakini kuna njia nzuri kuliko kuzidisha, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Angalia kwamba 641 ni 5 × 128 + 1, na pia ni 625 + 16. Katika kugawanya kwa 641, basi, 5 × 2⁷ inapungua moja kufikia 641, tuiite −1. Izidishe yenyewe mara nne: 5⁴ × 2²⁸ inakuwa 1, maana −1 ikizidishwa yenyewe mara nne ni 1. Sasa 5⁴ ni 625, ambayo inapungua 16 kufikia 641, kwa hiyo mahali pake weka −16, yaani −2⁴. Unapata −2⁴ × 2²⁸, ambayo ni −2³², nayo ni sawa na 1. Basi 2³² ni −1, na 2³² + 1 ni sifuri. Imegawanyika. Namba yenye tarakimu kumi imeangushwa bila kufanya hata gawanyo moja refu.

Na kwa kuwa 641 ni 5 × 128 + 1, yaani 640 + 1, kuna jambo jingine kwenye namba ya sensa ambalo kwetu ndilo zuri kuliko yote. Jumlisha namba kuanzia 1 hadi 640. Usijumlishe moja moja. Zipange mbili mbili, ya kwanza na ya mwisho: 1 na 640 ni 641, 2 na 639 ni 641, na jozi ziko 320. Jumla ni 320 × 641, sawa na 205,120. Linganisha na vigawo vyetu: 320 ndiyo 2⁶ × 5, na 641 imo. Kilichobaki ni 7 × 43, ambayo ni 301. Kwa hiyo:

61,741,120 = 301 × (1 + 2 + 3 + … + 640)

Chukua uwanja wa tambarare, panga maparachichi ya Rungwe kwa mistari: mstari wa kwanza moja, wa pili mawili, wa tatu matatu, hadi wa 640 wenye maparachichi 640. Ukimaliza umepata pembetatu yenye maparachichi 205,120. Panga pembetatu kama hizo 301, na kila Mtanzania aliyehesabiwa amepata tunda lake, halizidi halipungui.

Kwa wanaopenda mafumbo ya namba zinazofuatana: namba hii inaweza kuandikwa kama jumla ya namba zinazofuatana kwa njia 15. Siri iko kwenye vigawo vyake witiri, ambavyo ni 16. Ondoa 1, vinabaki 15. Kwa kigawo 7, katikati ni 8,820,160, kwa hiyo ni jumla ya namba saba kuanzia 8,820,157 hadi 8,820,163. Nyingine inatumia namba 128: kuanzia 482,289 hadi 482,416. Zilizobaki 13 tunawaachia wasomaji. Lakini asihangaike mtu kuiandika kama jumla ya namba mraba mbili. Haiwezekani, kwa sababu 7 na 43 zote zikigawanywa kwa 4 zinabakiza 3, na kila moja imo mara moja tu. 641 peke yake inaweza: 25 × 25 na 4 × 4.

Tuseme wazi, kabla mtu hajaitia namba hii kwenye mkeka wa kubeti au kuitafutia utabiri. Hakuna chochote hapa kinachohusu watu waliohesabiwa. Angezaliwa mtoto mmoja zaidi kabla ya usiku ule, namba ingekuwa 61,741,121, na namba mbili zinazofuatana hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1. Zingeondoka 2, 5, 7, 43 na 641 zote kwa pamoja. Ingeingia 13, kwa kuwa 61,741,121 ni 13 × 4,749,317. Angepungua mmoja, ingekuwa 61,741,119, ambayo ni 3 × 31 × 663,883, na mikoa 31 ingegawana sawasawa. Sensa ya 2012 ilitoa 44,928,923, namba witiri. Mafungu yake yanatoa 923 − 928 + 44, yaani 39, kwa hiyo nayo inagawanyika kwa 13 na haigawanyiki kwa 7 wala 11. Hayo ni mambo ya namba, si ya nchi.

La mwisho ni la hapa nyumbani, nalo lina faida ya moja kwa moja kwa anayetaka kujua Mbeya ni sehemu gani ya Taifa. Sehemu hiyo ni 2,343,754 chini ya 61,741,120, na kuirahisisha kunahitaji kigawo kikubwa cha shirika (KKS). Hapa huna haja ya kutafuta vigawo tasa. Tumia njia ya Euclid ya kugawanya kwa baki. Gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawanya ndogo kwa baki hiyo, endelea mpaka baki iwe sifuri. 61,741,120 kwa 2,343,754 inaingia mara 26, baki 803,516. 2,343,754 kwa 803,516, baki 736,722. Kisha baki zinafuata hivi: 66,794; 1,988; 1,190; 798; 392; 14; 0. Hatua tisa. Baki ya mwisho kabla ya sifuri ni 14, ndiyo KKS. Ukikosea baki moja tu katikati, mnyororo wote unaharibika na kwa kawaida unaishia 1. Kwa hiyo ukipata 1, rudia kabla ya kuamini. Hakikisha: 61,741,120 ni 14 × 4,410,080, na 2,343,754 ni 14 × 167,411.

Mbeya basi ni 167,411 chini ya 4,410,080, karibu asilimia 3.8. Nayo 167,411 si tasa, ingawa inajifanya: ukivumilia hadi 83 utapata 83 × 2,017. Iringa walikuwa 1,192,728 kwa sensa hiyo, na wenzetu wa huko wanakaribishwa kuifungua ya kwao. Tunawadokeza kitu kimoja tu: wakishatoa 2 zote na 3, watabaki na 49,697, na hiyo wasiiite tasa mpaka wafike 211.

Walimu wa Hisabati,
Uyole, Mbeya